Kibatari Kilichorudi Kinawaka

Watu wakisikia kwamba nimezeekea kazi ya usalama na afya kazini, huniuliza kwanza kazi yenyewe ni nini. Siwalaumu. Mpanda ya mwanzoni mwa miaka ya tisini, ukitaja usalama watu walimfikiria mtu mmoja tu: yule wa serikali anayekuja kimya kimya kusikiliza nani kasema nini. Siku niliyojitambulisha kwa wachimbaji dhahabu kwamba mimi ni msaidizi wa afisa usalama, wanaume waliokuwa wakibishana siasa chini ya turubai walinyamaza ghafla. Kisha mmoja akasema kwa sauti, "Mvua mwaka huu nzuri sana, tunaishukuru serikali." Wenzake wakaangua kicheko. Ilinichukua muda kuwaeleza kwamba usalama ninaoushughulikia ni wa vichwa vyao na mapafu yao.

Nilianzia chini kabisa. Nilikuwa mhudumu katika zahanati ndogo ya kambi ya wachimbaji, mwendo mrefu wa baiskeli kutoka Mpanda mjini. Katavi haikuwa mkoa bado. Tulikuwa wilaya ya mkoa wa Rukwa, na mtu akizidiwa kabisa tulimpakia kwenye treni ya Tabora tukamwombea. Kazi yangu ilikuwa kuchemsha sindano, kufunga vidonda na kupiga deki. Vidonda ndivyo vilivyonifundisha. Baada ya muda niliona kwamba mkono ulioletwa leo umevunjika palepale ulipovunjika ule wa mwezi uliopita, na yote miwili imetoka kwenye winchi moja, ile ya kuzungusha kwa mkono, ambayo mpini wake ulikuwa umepasuka na ukiteleza unarudi nyuma kwa nguvu. Sisi tulikuwa tunafunga mkono, kisha tunamrudisha mtu kwenye mpini uleule. Nikamwuliza tabibu wetu, "Kwa nini tusiende kuufunga ule mpini?" Alicheka, lakini hakulisahau swali langu. Mradi uliokuwa ukiwasaidia wachimbaji wadogo ulipotafuta mtu wa kwenda Dar es Salaam kusomea usalama kazini, alinitaja mimi.

Kijana unayesoma haya ukidhani kwamba bila vyeti vikubwa huwezi kuanza, pumua. Kazi hii huanza na swali la namna ile. Vyeti hufuata, na mtu mwenye subira huvipata.

Kozi ilikuwa ya miezi michache. Wenzangu walitoka viwandani na bandarini, na mimi peke yangu nilitoka mashimoni. Wiki za kwanza nilikuwa naandika kila neno la mkufunzi bila kuelewa nusu yake, jioni naomba wenzangu wanieleze, nao walinieleza bila kunicheka. Mkufunzi alikuwa mama mmoja mkali aliyewahi kukagua viwanda vya nguo. Alipofika kwenye somo la uokoaji alifunga kitabu. "Ajali ya kwanza," alisema, "mtabishana ni ya nani. Mwajiri atasema ni ya Mungu, mfanyakazi atasema ni ya mwajiri. Ajali ya pili, ile inayowaua waliokimbilia kuokoa, hiyo msibishane. Hiyo ni yenu." Nililiandika hilo pia. Nilidhani nimelielewa.

Niliporudi niliajiriwa kwa majaribio. Nilipewa baiskeli, kofia ngumu, na kambi yenye maduara mengi kuliko uwezo wa miguu yangu. Duara ndilo jina la shimo la dhahabu kwetu, pamoja na kikundi kinacholichimba. Duara moja lilikuwa la shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa.

Shemeji alikuwa Msukuma aliyekuja Mpanda na ng'ombe wa baba yake, akawaacha kwa kaka zake na kuingia mashimoni. Alikuwa mrefu, mchapakazi, na mdomo wake haukuwa na breki. Kwetu shemeji hutaniwa na hutania, basi yeye alinitania mbele ya kikundi chake chote.

"Mwangaluka, mkaguzi," alinisalimu asubuhi ya kwanza kwa lugha yao. "Simama hapohapo. Ukisogea dhahabu inakimbilia Sumbawanga."

Utani, lakini ndani yake mlikuwa na sheria. Mwanamke, nami nikiwa mmoja, hakukaribia mdomo wa duara. Aliruhusiwa kupika, kuuza, kutwanga mawe na kuosha mchanga, lakini si kusimama shimoni. Niliiheshimu ile sheria kadiri nilivyoweza, nikawa naongea nao kutoka mbali kidogo, kama mtu anayebisha hodi.

Jambo lililonileta kwao lilikuwa pampu. Niruhusu nilieleze taratibu, kwa sababu kila kitu kinatoka hapo.

Mvua zikishika, maduara hujaa maji. Kuna pampu ya petroli ya kubebwa na watu wawili, yenye bomba la kunyonya. Wengi hudhani pampu huyavuta maji kama mtu avutavyo kamba. Sivyo. Pampu huondoa hewa ndani ya bomba, na uzito wa hewa iliyo nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Uzito huo una kikomo. Maji yakiwa chini zaidi ya mita saba hivi, hata uwe na injini ya treni hayatapanda. Wachimbaji hawakusoma hilo popote, waliliona kwa macho: pampu inanguruma juu, maji hayaji. Wakafanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya. Waliishusha pampu ndani ya shimo, wakaiweka kwenye jukwaa la magogo karibu na maji. Kutoka hapo pampu inasukuma badala ya kunyonya, na maji yanapanda hadi juu vizuri kabisa.

Lakini injini inatoa moshi, na shimo halina dirisha. Ndani ya moshi ule kuna gesi isiyo na rangi wala harufu yake yenyewe. Ukiivuta inakaa kwenye damu mahali pa hewa safi na haitaki kutoka. Mtu hasikii kukabwa. Anasikia uchovu, magoti yanalegea, anakaa chini apumzike.

Kinga yao ilikuwa kibatari. Kabla ya kushuka walikifunga kibatari kwenye kamba, wakakiteremsha polepole hadi chini, wakangoja, wakakipandisha. Kikirudi kimezimika, hakuna anayeshuka. Kikirudi kinawaka, hewa ni njema. Msiwaone wajinga. Njia hiyo waliipata kwa wachimba visima, na imeokoa watu wengi, kwa sababu katika shimo la zamani hewa huchakaa, na hewa iliyochakaa huuzima moto kabla haijamzima mtu. Ila gesi ya injini ni adui mwingine. Kiasi kinachotosha kumwua mtu mzima hakitoshi hata kukitikisa kibatari. Kibatari kilijibu swali la kisima kwa uaminifu wote, na hapa swali lilikuwa jingine.

Nilieleza hivyo siku nzima. Walinisikiliza kwa adabu, na nikaona hawajaniamini. Ndipo nikamnunua kuku.

Tulichukua pipa tupu, nikaweka ndani kuku na kibatari kinachowaka, tukafunika kwa gunia lenye tundu la kuchungulia. Pampu ikawashwa juu, kando. Nikamwomba mdogo wa shemeji aingize moshi kidogo kwa bomba, kisha atoe, kisha aingize. Wanaume wakapanga foleni kuchungulia.

"Kibatari?" nikauliza.

"Kinawaka."

"Kuku?"

"Amekaa. Huyu anaatamia."

"Anasinzia tu, kuku wa mjini huyu, hajazoea kazi."

Tulipofunua, kibatari kilikuwa kinawaka na kuku amelala kichwa upande, amekufa. Kisha mzee mmoja wa winchi akasema kwa huzuni ya kweli, "Na hata hakuchinjwa." Wakacheka sana.

Shemeji alikuwa wa mwisho kucheka. "Mimi naona ni huyu mkaguzi," alisema. "Kuku amemwona mwanamke kwenye pampu, roho ikamtoka."

"Basi kibatari nacho ni mwanaume," nikamjibu, "maana kimeniona na bado kinawaka."

Tukakubaliana siku ileile, na hawakukubali ili kunifurahisha tu. Walijadiliana wenyewe kwa muda mrefu. Pampu ikifanya kazi shimoni, mtu hashuki. Ikizimwa, wanalala, wanashuka kesho yake baada ya kupepea shimo kwa turubai na matawi. Na anayeshuka anafungwa kamba kifuani, wawili wanaishika juu. Hiyo ya kamba ndiyo iliyomkera shemeji. "Unanifunga kama mbuzi wa mnada," alisema. Lakini aliifunga, na kwa wiki kadhaa niliona maduara ya jirani yakiiga. Nilianza kuamini kwamba kazi hii nitaiweza.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua ya asubuhi na jua kali baadaye. Kikundi cha shemeji kilikuwa kimefikia mwamba wenye dhahabu, na duara la jirani lilikuwa likiufuata mwamba huohuo kwa upande wa pili. Hapo kila kikundi huhesabu kila saa kuwa ni yake au ya mwenzake. Pampu ilinguruma shimoni tangu alfajiri, na hakuna aliyeshuka. Kabla ya adhuhuri ikazimika yenyewe. Maji yakaanza kurudi, na pampu ilikuwa ya kukodi, iko juu ya magogo yale, na maji yanaipandia.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mdogo wake. Shemeji alitazama, akateremsha kibatari. Kikarudi kinawaka. Wakamkumbusha kuku. Naye akawapa jibu ambalo, ukilifikiria haraka, lina mantiki: "Kuku alikufa injini inanguruma. Hii imenyamaza. Moshi utoke wapi?" Hakujua, au hakuamini, kwamba gesi iliyokwisha kujaa shimo haina haraka ya kutoka. Inakaa pale kama maji yanavyokaa kwenye mtungi. Akafunga kamba kifuani kama tulivyokubaliana, akashuka ili aifungie pampu kamba waipandishe.

Chini kamba ilijisokota kwenye bomba. Walimsikia akilaani, kisha akapiga kelele, "Legezeni!" Walilegeza. Baadaye hawakumsikia tena. Walipovuta, kamba ilikuja nyepesi, tupu. Alikuwa ameifungua ili imwachie nafasi.

Mimi nilikuwa duara la tatu kutoka pale. Nilisikia ukelele, nikakimbia. Nilipofika, vijana wawili walikuwa wamekwisha vua mashati, na mdogo wa shemeji ana mguu mmoja tayari kwenye ngazi ya magogo.

Nilifanya jambo moja tu ambalo mwili wangu ulilijua. Niliketi kwenye mdomo wa duara. Niliketi kabisa, miguu ikining'inia ndani, mikono imeshika magogo ya pande zote mbili, nikaziba njia.

"Toka hapo, mama! Mwanamke hakai hapo!"

"Nimekaa."

"Kaka yangu yuko chini!"

"Najua. Ukishuka hivyo mtakuwa wawili, na huyu nyuma yako watatu. Kateni matawi. Nyie wengine leteni turubai. Nataka kamba mbili, si moja."

"Anakufa huku wewe unatoa amri!"

"Kateni matawi!"

Mzee wa winchi ndiye aliyeondoka kwanza kukata matawi, na wengine wakamfuata. Tuliyafunga rundo moja, tukawa tunalishusha na kulipandisha kwa nguvu ili hewa ya chini ivurugike, huku wengine wakikinga upepo kwa turubai na kuuelekeza shimoni. Ndipo dada yangu akafika kutoka jikoni kwake. Nilimsikia kabla sijamwona. Alinishika kitambaa cha kichwa, kikatoka, akanishika nywele.

"Mdogo wangu, toka. Niachie watu wamtoe mume wangu. Toka!"

Sikutoka. Alinivuta mpaka shingo ikageuka, nami nikashika magogo. Sikumtazama usoni, nilitazama rundo la matawi likipanda na kushuka. Nadhani ningemtazama ningeondoka.

Nilipoona tumepepea kadiri ya kutosha kumpa mtu nafasi, nilisogea. Mdogo wa shemeji alifungwa kamba mbili kifuani na begani, nikamwambia avute pumzi juu, afanye jambo moja tu la kumfunga kaka yake, na kwamba akijisikia au asijisikie vibaya sisi tutamvuta. Alishuka, akafunga, tukawavuta wote wawili. Yeye alitapika na kulala chini akishika kichwa mpaka jioni. Kaka yake alikuwa amekufa. Nilifanya yote niliyofundishwa, juu ya kifua chake na mdomoni mwake, mbele ya dada yangu, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu sikujua namna ya kuacha.

Baada ya mazishi mkuu wangu alikuja kutoka mjini, akahoji watu mmoja mmoja. Wote walimweleza kwamba bila mimi wangezikwa vijana watatu. Mwezi uliofuata nilithibitishwa kazini. Kisha nikapelekwa kozi ya pili, ndefu zaidi, nikarudi afisa kamili mwenye eneo lote, kuanzia mashimo, viwanda vya mbao, hadi mabani ya kukaushia tumbaku huko Katumba. Huo ndio uliokuwa upandaji wangu wa cheo. Dada yangu aliueleza vizuri kuliko mimi. Kwenye msiba wa shangazi, mtu alipomsifia kwamba mdogo wake amekuwa mkubwa, alijibu bila kupandisha sauti, "Ndiyo. Amepandia mgongo wa mume wangu." Tukaacha kusemezana. Nilikuwa nikipeleka mchele kwa watoto kila nilipotoka kukagua Majimoto, kwenye mashamba ya mpunga, naukabidhi kwa jirani yake.

Mwishoni mwa miaka ile ya tisini niliombwa kufundisha wasimamizi wa maduara, kambini palepale. Tulipewa chumba cha shule wakati wa likizo. Sikujua nani amepewa zabuni ya kuwapikia washiriki mpaka nilipomwona dada yangu anaingia na sufuria.

Alikuwa anapika, anapakua, anaondoka. Siku ya uokoaji hakuondoka. Alikaa kwenye dawati la nyuma, kanga mabegani, kama mtu anayengoja vyombo virudi. Nilifundisha pampu, kibatari, na ile ajali ya pili. Nilisimulia kisa bila kumtaja mtu, lakini nusu ya darasa walikuwapo siku ile. Msimamizi mmoja akainua mkono.

"Mwalimu, yule aliyeko chini anachukua muda gani? Ukimzuia mwenzake asishuke, si unamwacha afe?"

Lilikuwa swali zuri. Wanafunzi wengi huliogopa. Nilikuwa na jibu la kozini, linalotulia masikioni: kwamba mtu hufa upesi sana, kwa hiyo unayemzuia hamnyimi mwenzake kitu. Nililifungulia mdomo. Nikashindwa.

"Inategemea gesi ilivyo nyingi," nilisema. "Wakati mwingine ni mara moja. Wakati mwingine anakaa hai kitambo, hajitambui. Ukiwa umekaa pale mlangoni hujui ni kipi. Mimi sikujua. Inawezekana alikuwa hai nilipokuwa nimewazuia. Kilichokuwa hakika ni hawa wa juu. Mtu akiwaambia kwamba kuzuia ni jambo jepesi, hajawahi kuzuia."

Hakuna aliyeandika. Nikawaruhusu waende kula.

Dada yangu alibaki. Alikusanya bakuli kutoka kwenye madawati, moja juu ya jingine, akaja nazo mpaka mbele.

"Wote wananiambia alikufa palepale," alisema. "Padri, majirani, shemeji zangu. Miaka yote. Hakuteseka, alikufa palepale. Mimi nilikuwa pale, nilijua hawajui. Nilikuwa nangoja wewe uniambie hivyohivyo, nikuchukie vizuri."

"Sijui, dada," nilisema. "Kweli sijui."

"Nimesikia."

Akaniuliza kama yule kijana, mdogo wa marehemu mume wake, angekufa kweli kama angeshuka saa ileile. Nikamwambia ndiyo, hilo nalijua. Akaitikia kwa kichwa. Yule kijana ndiye aliyewalimia shamba tangu mwaka ule, na ndiye aliyewapeleka watoto shule.

"Chakula kinapoa," alisema. "Wewe hujala."

Akanipakulia ugali na dagaa, akakaa upande wa pili wa dawati na bakuli lake, tukala. Alilia kidogo katikati, akafuta macho kwa kanga, akaendelea kula, nami sikumwambia anyamaze.